Mafuriko Yakija, Picha na Sauti za Nyumbani Zitakuwa Wapi?

Matini ya mazungumzo kwa wakaazi kuhusu kuchagua chombo cha kuhifadhi nakala



Mto Tana ulipovunja kingo zake Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kando ya mto zilihama na kile zilichoweza kubeba. Godoro hununuliwa tena. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa hutolewa upya. Hata hati ya shamba ikipotea, sheria imeweka njia: mwenyewe hupiga ripoti kwa polisi, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 60 zikipita bila pingamizi hati mpya inaweza kutolewa. Kila mojawapo ya kazi hizo huenda haraka kama mtu ana picha ya karatasi ya zamani, kwa sababu nambari inasomeka, ingawa picha yenyewe haichukui nafasi ya hati.

Lakini mkataba wa kuuziana shamba ulioandikwa kwa mkono, na mashahidi wawili wameshafariki, hakuna ofisi itakayoutoa tena. Vivyo hivyo sauti ya mama marehemu kwenye WhatsApp, au picha pekee ya babu iliyo katika simu ya kijana mmoja. Kabla ya kuuliza bei ya flashi, familia iketi ijiulize ni vitu gani vya aina hii inavyo. Kwa nyumba nyingi si vingi, na vyote hutosha katika chombo kidogo. Picha ya simu ya kawaida huwa na megabaiti 3 au 4, kwa hivyo flashi ya gigabaiti 32 hubeba maelfu yake.

Flashi ndiyo chombo ambacho wengi hukimbilia, na ni vizuri kujua inavyofanya kazi. Ndani yake hamna kitu kinachozunguka. Habari huwekwa kama chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya kidude, na chaji hizo huvuja polepole miaka ikipita, hasa penye joto. Flashi iliyotupwa kwenye droo chini ya mabati ya Hola au Garsen kwa miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kufunguka ikiwa na faili zilizoharibika. Kadi ya memori ya simu iko hivyo hivyo. Flashi ni ya kubebea. Kuifanya sanduku pekee la urithi ni kujitafutia majuto.

Pia kuna flashi za uongo. Mtu anayeuziwa flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya kilo mbili za nyama ajue amedanganywa. Mara nyingi ndani mna gigabaiti chache tu, na kidude kimepangwa kiidanganye kompyuta. Picha za kwanza huingia sawa, nafasi ikiisha za baadaye hufuta zile za mwanzo au hazikai kabisa. Majina ya faili huonekana yote, na hapo ndipo mtego ulipo. Dawa ni kuijaza yote siku ya kwanza, kisha kufungua faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikikataa kufunguka, irudishwe dukani mapema.

Diski kubwa ya nje, ile inayounganishwa kwa waya, ina sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea kinachopita karibu mno na sahani hizo. Ikikaa mahali pakavu penye utulivu huhifadhi vitu vingi kwa bei nafuu kwa kila gigabaiti. Ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, huenda ikawa basi. Inamfaa mwenye video nyingi, kama mpiga picha wa harusi au shule. Zile za SSD hazina sahani na hustahimili kuanguka, lakini huhifadhi kwa chaji kama flashi, hivyo nazo hazifai kusahauliwa kabatini.

Kuhusu DVD za harusi za zamani, lipo la kusema moja tu: zihamishwe sasa. Rangi inayoshika habari kwenye diski hizo hufifia kwa joto na mwanga, na kompyuta mpya nyingi hazina tena mlango wa kuzisomea.

Linabaki wingu, yaani kuhifadhi kwenye mtandao. Faida yake kwa kaunti hii ni kubwa: maji hayafiki huko. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, na sasa pia akiba ya WhatsApp kwa simu za Android. Ikijaa, kuhifadhi picha mpya husimama. Simu huonya, na wengi wetu hulifuta onyo hilo bila kulisoma. Akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili pia inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, kwa hivyo akaunti ya marehemu isiachwe tu.

Ugumu mwingine huonekana siku ya msiba wenyewe. Simu imezama na laini imezama nayo. Mtu anaazima simu ya jirani, anaandika neno la siri, na Google inatuma nambari ya kuthibitisha kwa laini ile ile iliyo mtoni. Google huruhusu kuchapisha mapema nambari za dharura. Ziandikwe kwenye karatasi na karatasi ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Na akiba ya WhatsApp isihesabiwe kuwa hifadhi ya kudumu, kwa sababu hurejeshwa kwa nambari ile ile ya simu tu. Sauti ya mama itolewe humo na kuhifadhiwa kando kama faili.

Kwa nyumba yenye simu moja na bando la kuhesabu, mpango unaowezekana ni huu. Vile vitu vichache visivyo na mbadala viwekwe kwenye wingu, kisha kwenye flashi mbili za kampuni tofauti, moja ibaki nyumbani na nyingine iende kwa shangazi anayeishi mwinuko, mbali na mto. Zipo flashi zenye midomo miwili zinazoingia moja kwa moja kwenye simu. Anayetumia saiba ahakikishe nakala za kitambulisho chake zimefutwa kwenye kompyuta ile kabla hajaondoka, pamoja na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Ni haki yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Flashi zote mbili zichomekwe na kufunguliwa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi kabla ya masika na mapema Oktoba kabla ya vuli. Zikifikisha miaka mitano hivi, nakala zihamishiwe kwenye flashi mpya hata kama za zamani bado zinafunguka.