UKIONA GARI DOGO LATELEZA, LIMEUNDWA

(Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa karakana na wazazi wao, kuhusu kuunda magari madogo ya drifti yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya haya magari ya remoti yaliyo hapa mezani. Wengine wenu mmeyaona yakiteleza sakafuni, mkia ukitaka kupita kichwa, mkasema, "Si ni vitu vya kuchezea watoto tu?" Wengine mmeuliza bei, mkashika vichwa. Maswali yote mawili ni ya haki na tutayajibu. Lakini kwanza tukielewe kitu chenyewe.

Drifti ni nini?

Drifti ni kupita kona gari likiwa limekaa mshazari, tena kwa kusudi. Dereva huyafanya magurudumu ya nyuma yapoteze mshiko, mkia unatoka nje, naye anageuza usukani kuelekea upande ule ule mkia unakokwenda. Halafu anakanyaga mafuta kwa kipimo, si zaidi, si pungufu, na gari linapita kona yote hivyo hivyo.

Mtindo huu ulikuzwa Japani tangu miaka ya 1970, katika barabara za milimani na katika viwanja vya mashindano. Aliyejulikana zaidi ni Keiichi Tsuchiya, na gari lililotajwa sana pamoja naye ni Toyota Corolla ya aina ya AE86, iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1987. Wakati ule Corolla nyingine zilikuwa zinahamia kuvutwa na magurudumu ya mbele. Hii ikabaki inasukumwa na ya nyuma.

Hapa kwetu Corolla nyingi tunazoziona barabarani huvutwa na magurudumu ya mbele. Lakini matatu za Hiace na pikapu nyingi husukumwa na ya nyuma. Yeyote aliyepanda pikapu tupu kwenye matope anajua jinsi mkia unavyotaka kutangulia. Basi hiyo ndiyo asili ya drifti.

Na hapo hapo tuseme jambo moja waziwazi. Vijana, barabara ya watu si mahali pa mchezo huu. Gari la kilo 1,300 likikushinda, kuna mama anayetembea kando ya barabara na kuna mtoto anayetoka shule. Hili dogo likikushinda linagonga ubao, unaliokota, unaanza tena. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuwa nalo.

Walivyoutafuta ukweli

Magari madogo ya drifti nayo yalianzia Japani. Mwanzoni watu walichukua magari ya remoti ya mashindano, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Wakavua tairi za mpira wakavisha pete za plastiki ngumu, nyingine zilizokatwa kutoka mabomba ya maji. Yaliteleza vizuri sana. Lakini mtu aliyeijua drifti ya kweli aliona kasoro. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanalivuta gari kutoka kwenye kona, kwa hivyo hayakuhitaji kugeuka upande wa pili. Katika gari kubwa, mbele huwa kunatazama huku na gari linaelekea kule. Katika lile dogo hapakuwa na kitu hicho.

Wakabadilisha gia ili magurudumu ya nyuma yazunguke kasi kuliko ya mbele. Ikawa afadhali. Mwishowe wakaondoa kabisa nguvu ya mbele wakabakiza ya nyuma tu. Angalieni basi: hawakufanya hivyo ili kazi iwe rahisi. Kwa kweli ilizidi kuwa ngumu. Walifanya hivyo kwa sababu walitaka gari dogo liende kama kubwa, si lifanane nalo kwa sura peke yake.

Hapo ndipo tunapotaka mkazie macho leo. Ukweli wa gari dogo uko katika mwendo kwanza, na rangi hufuata.

Kwa nini dogo ni gumu kuliko kubwa?

Magari haya ni ya kipimo cha 1 kwa 10. Urefu, upana na kimo vyote hugawanywa kwa 10. Uzito basi hupungua mara 1,000, maana ni 10 mara 10 mara 10. Gari la kilo 1,300 linakuwa kilo 1.3. Na kweli magari haya huwa karibu na uzito huo.

Lakini kuna kitu ambacho hakigawanyiki, nacho ni mvutano wa dunia. Jiwe likianguka kutoka mita 1 huchukua karibu sekunde 0.45. Likianguka kutoka sentimita 10 huchukua karibu sekunde 0.14. Umbali umegawanywa kwa 10, muda umegawanywa kwa 3 na kidogo tu. Kwa hivyo kila jambo katika gari dogo hutokea haraka karibu mara tatu: kuinama, kuteleza, kupinduka. Zaidi ya hayo, dereva wa gari kubwa huhisi mkia ukitoka kupitia kiti alichokalia. Sisi tumesimama mbali na remoti mkononi. Mpaka jicho lione, mkia umeshakwenda.

Ndiyo maana kunawekwa jairo. Hiki ni kidude kidogo kinachokaa kati ya risiva na sevo ya usukani. Kinahisi gari linavyozunguka, na mkia ukitoka kinageuza magurudumu ya mbele papo hapo. Wako wanaosema huo ni udanganyifu. Sisi hatuoni hivyo. Jairo inashika nafasi ya kile kiti. Kazi ya kuchagua njia, mwendo na mafuta inabaki yako.

Kabla ya kuwasha mota, jaribu jairo hivi. Inua gari kidogo, sukuma mkia kushoto kwa haraka. Magurudumu ya mbele yageuke kushoto. Yakigeuka kulia, jairo imewekwa kinyume, na gari litazunguka kama pia. Kisha rekebisha nguvu yake. Ikizidi, magurudumu ya mbele hutetemeka. Ikipungua, mkia unakushinda.

Anza chini, panda juu

Ukiwa na pesa kidogo, na sote tunazo kidogo, usianze na bodi inayong'aa. Fuata utaratibu huu:

1. Tairi. Ziwe za plastiki ngumu, nazo zilingane na sakafu. Tairi iliyo nzuri kwenye zulia huenda isifae kwenye saruji. Mnaoendesha pamoja mtumie tairi za aina moja, ili tofauti itokane na mkono na si mfuko.

2. Uzito. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kwa hivyo yanahitaji kukandamizwa. Chesisi za siku hizi huweka mota nyuma, na betri nayo mara nyingi husogezwa huko. Pima kwa mizani ya jikoni, mbele peke yake na nyuma peke yake, uandike kwenye daftari.

3. Springi na shokabu. Kwa kuwa kila kitu hutokea haraka, gari dogo huruka-ruka kama mbuzi. Springi laini na mafuta mazito ndani ya shokabu huifanya bodi iiname polepole, kama gari lenye tani. Mtazamaji huenda asijue umefanya nini, lakini atasema, "Hili linaonekana la kweli."

4. Usukani. Magurudumu ya mbele yaweze kugeuka sana, hata kupita nyuzi 60, bila kugusa chesisi wala bodi. Ninyi mliotengeneza magari ya waya utotoni mnaijua kazi hii. Ule waya uliounganisha gurudumu na gurudumu ndio huu huu, ila huu hupimwa kwa milimita.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike. Ukibadilisha vitatu pamoja, gari likikaa vizuri hutajua ni kipi kilichosaidia. Haraka haraka haina baraka.

Sasa bodi

Mwendo ukishakaa sawa, tunakuja kwenye sura. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kila pambo lina gharama yake kwenye mwendo.

Tuanze na vipimo. AE86 ya kweli ina upana wa milimita 1,625. Kwa kipimo cha 1 kwa 10 ingekuwa sentimita 16 na kidogo. Lakini chesisi nyingi zilirithi upana wa magari ya mashindano, na bodi nyingi zinazouzwa zina upana wa sentimita 19 hadi 20. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, AE86 ilikuwa milimita 2,400, yaani 240 kwa dogo. Chesisi nyingi huwa 257. Kwa hivyo usiamini jina lililoandikwa kwenye boksi. Shika rula na picha za gari lenyewe. Kuna magari, kama Nissan Silvia S15 yenye milimita 2,525, yanayokaribia chesisi hizo bila kuzikata.

Bodi ni plastiki nyepesi ya polikaboneti inayoonyesha kama kioo. Ioshe kwa sabuni, ikauke. Funika madirisha kwa ndani kwa utepe. Halafu upake rangi kwa ndani, si nje, ili hata bodi ikikwaruzwa rangi ibaki. Kwa hivyo utaratibu unageuka: mistari na rangi za giza hutangulia, za mwangaza hufuata nyuma yake. Ile karatasi laini iliyo nje ya bodi iache mpaka mwisho. Pulizia rangi nje ya nyumba na ufunike pua na mdomo.

Taa za LED hulipa gari uhai, nazo si ghali. Taa nyeupe hutaka karibu volti 3, na risiva nyingi hutoa karibu volti 6. Zile 3 zilizozidi lazima zipunguzwe kwa rezista. Gawanya volti 3 kwa ampea 0.02, unapata omu 150. Taa nyekundu hutaka karibu volti 2, basi ni 4 kwa 0.02, yaani omu 200. Tumia 220 inayopatikana kwa urahisi. Hesabu hiyo mnafundishwa darasani. Hapa inawaka mbele ya macho yako.

Pini za kushikilia bodi zinazotokeza juu ya boneti huharibu sura. Weka sumaku kwa ndani. Vioo vya pembeni, waipa, na bampa lenye alama ya kukwaruzwa, vyote vinafaa. Viti na dashibodi vitengeneze kwa kadibodi nyembamba au plastiki nyepesi. Kila gramu unayoweka juu huifanya bodi iyumbe vibaya. Tena ukishusha gari mpaka libaki na milimita 5 kutoka sakafuni, ni kama gari kubwa kubaki na sentimita 5. Inapendeza, lakini je, sakafu yenu ni tambarare kiasi hicho? Na rimu iliyotokezwa nje ikigusa tundu la bodi usukani ukigeuka mpaka mwisho, utachagua kipi? Sisi tunachagua usukani. Kata, rekebisha, au rudisha rimu ndani.

Betri si mchezo

Betri za lipo zenye seli mbili hujaa kwa volti 8.4. Zisishuke chini ya 6.4. Ukiziweka siku nyingi, ziwe na volti 3.8 kwa kila seli. Betri ya miliampea-saa 4,000 chajia kwa ampea 4, ndani ya chombo kisichoshika moto, na mtu awe karibu. Iliyovimba isitumike tena, wala isichomwe takatakani.

Maswali ya wazazi

Je, ni vya kuchezea? Ndiyo, ni mchezo. Lakini kijana aliyejua kwa nini mkia unatoka, aliyelehemu waya kumi bila kuunguza hata mmoja, aliyepima na kuandika, anaijua kazi ya fundi kabla hajaingia chini ya gari la mteja. Hatuahidi kazi kwa mtu yeyote. Tunasema kwamba mkono uliofundishwa haurudi nyuma.

Je, ni ghali? Ndiyo, na vifaa vingi huagizwa kutoka nje, uongeze usafiri na ushuru. Kwa hivyo tunashauri vijana wanne kwa gari moja: mmoja chesisi, mmoja umeme, mmoja bodi, mmoja daftari, na kila mwezi wabadilishane. Anayetaka bodi ya pili kabla ya kuendesha ya kwanza asubiri.

Mkishapata magari mawili, jifunzeni kufuatana. Wa mbele anachora njia, wa nyuma anamfuata karibu bila kumgonga, mshazari kwa mshazari. Hapo utajua kama gari lako ni la kweli. Aliye mbele yako hataki kujua rangi yako imegharimu kiasi gani. Anataka kujua kama unaweza kujizuia.

Atakayetaka kuanza aje na rula, daftari, bisibisi ndogo na subira. Meza ipo.