Tuchange Kabla ya Msiba
(Maneno ya mweka hazina kwenye harambee ya mwaka)



Nimeombwa nizungumzie mfuko wa afya. Mimi ni mhasibu, si daktari, kwa hiyo nitazungumza kwa hesabu. Hesabu zenyewe zimeandikwa na madaktari wa Hospitali ya Rufaa Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa.

Mmoja wao ni Dk. Phillipo Chalya, daktari wa upasuaji. Pamoja na kupasua na kufundisha, ameandika tafiti nyingi kuhusu magonjwa ya Kanda ya Ziwa. Yeye na wenzake walirudi kwenye mafaili ya wagonjwa na kuyapitia: mgonjwa ana umri gani, alipofika ugonjwa ulikuwa umeenea kiasi gani, alitibiwa vipi, matokeo yakawaje. Sisi wahasibu kazi hiyo tunaiita ukaguzi. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 300 wa saratani ya matiti. Mwaka 2014 Dk. Hyasinta Jaka na wenzake, Dk. Chalya akiwemo, wakachapisha ya wagonjwa zaidi ya 100 wa saratani ya ini.

Tafiti zote mbili zina jibu moja: watu wetu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Wagonjwa wengi wa matiti walikuja saratani ikiwa imeshasambaa. Kwa ini, wengi walikuja wakati uvimbe hauwezi tena kuondolewa kwa upasuaji, ikabaki kupunguza maumivu.

Uvimbe wa titi mwanzoni mara nyingi hauumi. Mama anasubiri pamba iuzwe, anaanza kwa mganga, anaogopa kukatwa titi. Akiwahi, upasuaji na dawa vinaweza kumponya. Akichelewa, gharama inapanda na matumaini yanashuka.

Ini nalo hukaa kimya. Chanzo kimoja kikubwa ni virusi vya homa ya ini B. Vinapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kule machimboni, wembe mmoja ukinyoa watu watano, hatari ipo. Mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi bila kujua. Watoto wetu wanachanjwa tangu mwaka 2002, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata chanjo hiyo utotoni. Chanzo kingine ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka vizuri. Pombe kali nayo inaharibu ini.

Sasa niseme jambo ambalo mweka hazina analiona kwenye vitabu. Msiba ukitangazwa kwenye kundi letu la simu, kufikia jioni jeneza na gari la kusafirisha marehemu vimeshalipiwa. Ombi la nauli ya kwenda kupima uvimbe husubiri kikao. Sisemi tuache kuzikana. Kuzikana ni heshima yetu. Nasema haraka ile ile tuipeleke kwa aliye hai.

Kwa hiyo kamati inaomba mfuko wa afya uwe na mafungu matatu.

La kwanza, nauli, malazi na gharama ya kipimo cha kinyama kwa yeyote wa kwetu aliyeona uvimbe kwenye titi, mwanamke au mwanamume, maana wanaume nao huugua. Fedha itoke ndani ya siku saba, kwa saini mbili, bila kusubiri kikao. Safari si ngumu kama zamani: tangu Juni 19, 2025 mtu wa Geita anavuka ziwa kwa Daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Na mionzi, ambayo zamani ilimlazimu mgonjwa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, sasa ipo Bugando.

La pili, kupima homa ya ini B kwa watu wazima. Asiye na virusi apate chanjo, akamilishe dozi zote tatu. Aliye navyo aanze kufuatiliwa na daktari mapema.

La tatu, elimu ya matiti na ya kukausha mazao, itolewe kwenye minada, makanisani, misikitini na machimboni.

Hesabu ni hii. Kila watu 100 wakitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Mapato na matumizi nitayasoma mbele yenu kila robo mwaka, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote.

Fomu za ahadi ziko mezani. Kabla hujajaza, mpigie simu mama, dada au shangazi yako kijijini, umuulize kama ana uvimbe wowote anaouficha. Akisema ndiyo, niletee jina lake leo hii.