Wanafunzi Waliojenga kwa Mikono Yao



Nimeagizwa niseme juu ya kuwafundisha vijana kazi. Nitawapa habari ya wanafunzi wa mbali, wa nchi ya Marekani, katika jimbo la Alabama, wilaya ya Hale.

Mwaka 1993 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auburn, Samuel Mockbee na D. K. Ruth, waliwapeleka shamba wanafunzi wao wa usanifu wa majengo, wakae kati ya maskini, wachore na kujenga. Mafunzo hayo huitwa Rural Studio. Shuleni, mwanafunzi akikosea hufuta mstari, wala hakuna aliyelowa. Lakini huko Hale aliyechora ndiye apandaye paani, na mvua ikipenya humwangukia jirani amjuaye kwa jina. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa, kupita uzuri wa majengo yenyewe.

Kipo kitongoji kimoja, Mason's Bend, penye pindi la mto Black Warrior, wakaapo jamaa chache za watu weusi. Mwaka 2000 wanafunzi wanne waliwajengea banda la makutano, lifaalo kwa sala, tena kwa kungojea gari la vitabu na gari la waganga.

Fedha zilikuwa haba. Basi wakauchukua udongo wa mahali pale pale, wakaushindilia kati ya mbao hata ukawa ukuta mnene. Tena huko Chicago, mahali palipotupwa motokaa kuukuu, vilipatikana vioo vya mbele 80 vya Chevrolet Caprice kwa dola 120. Vikapangwa paani, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki. Aketiye ndani huona mawingu.

Wako watakaocheka: udongo na mabaki ya motokaa! Mimi sicheki. Vijana wetu wengi wakitoka shule huona haya kushika udongo, na nyumba ya udongo huiita nyumba ya dhiki, huku wakiungua adhuhuri chini ya mabati yao.

Lakini nisiwapambie. Ukuta wa udongo wataka msingi ulioinuka na upenu mpana, la sivyo mvua huula toka chini. Nao wanafunzi humaliza masomo wakaenda zao. Jengo hubaki na wenyeji. Ni nani atakayetengeneza kioo kikipasuka, na kwa fedha gani? Swali hilo na liulizwe siku ile ile ya kupima kiwanja, nao wenyeji wawepo.

Mockbee alifariki Desemba 2001. Andrew Freear, Mwingereza, akaishika kazi. Tangu mwaka 2005 wanafunzi wakajitia kutafuta namna ya kujenga nyumba nzima, vifaa pamoja na ujira wa mafundi, kwa dola 20,000. Kiasi hicho hawakukiokota hewani: walihesabu deni ambalo mtu aishiye kwa posho ya uzeeni ya serikali aweza kulilipa mwezi kwa mwezi, asilale njaa.