Mpira Mmoja, Miendo Miwili



Nimeombwa niseme neno la kuwafaa vijana. Nitaeleza swali moja la fizikia lililonishinda nilipokuwa kidato cha tatu.

Mpira umepigwa kutoka ardhini kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 37. Je, utaanguka umbali gani? Nilichukua ile 20, nikazidisha, nikagawanya, nikajaza ukurasa mzima. Nikapata sifuri. Jioni ile niliazimia kuiacha fizikia.

Mwalimu wangu hakunicheka. Baada ya vipindi alichukua chaki, akachora mstari wima katikati ya ubao. Kushoto akaandika "mlalo", kulia "wima". Akanieleza kwamba Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionyesha kuwa kitu kilichorushwa kina miendo miwili kwa pamoja. Wa mlalo haubadiliki. Wa wima huvutwa na dunia. Kila mmoja hufuata kanuni yake.

Basi igaweni ile 20: mlalo ni 16, wima ni 12. Anzeni na wima. Kila sekunde dunia hupunguza kasi hiyo kwa karibu mita 10 kwa sekunde. Kwa hiyo 12 itakwisha baada ya sekunde 1.2. Kushuka nako huchukua muda uo huo. Jumla sekunde 2.4. Sasa vukeni mstari mkiwa na muda huo tu: 16 mara 2.4 ni mita 38.4. Hilo ndilo jibu, tukiacha upinzani wa hewa.

Angalieni sana: kilichovuka mstari ni muda peke yake. Tena, mpira ukifika juu kabisa hausimami. Kasi ya wima ni sifuri, lakini ile 16 bado ipo. Hapo ndipo wengi wetu tulipojikwaa.

Nilibaki na fizikia, nikawa mhandisi. Chaki ile haikuzidi dakika kumi. Ndugu zangu wa zamani, tumekuja na michango ya kukarabati bweni, ni vizuri. Lakini kabla hatujaondoka leo, kila mmoja wetu akae na kijana mmoja na swali moja lililomshinda.