Programu ya Muziki Ikiachwa na Watengenezaji Wake

Somo letu la leo ni la kila mtu mwenye nyimbo ndani ya kompyuta yake. Labda unazo taarabu ulizonakili kutoka kanda za marehemu baba yako, na hazipatikani tena dukani. Wazipiga kwa programu uliyoizoea. Kisha wapata habari kwamba watengenezaji wameiacha. Utafanyaje?

Jambo hili si geni. Programu ya Winamp ilianza mwaka 1997, ikapendwa sana. Mwezi wa Novemba 2013 wenye mali, kampuni ya AOL, walitangaza kwamba wataifunga. Januari 2014 ikauzwa kwa wengine, ikaokoka. Google Play Music haikuokoka. Ilifungwa Desemba 2020, na Februari 2021 nyimbo zilizosalia katika ghala lake zikafutwa.

Tofauti ni hii: programu ni gramafoni, faili za nyimbo ni santuri. Gramafoni ikifa, santuri zako ungali nazo. Lakini ukiziweka santuri katika ghala la mtu mwingine, naye akafunga mlango, huna kitu.

Basi, kwanza nakili faili zako zote katika diski ya nje. Pili, toa orodha zako za nyimbo kwa aina iitwayo M3U. Hiyo ni maandishi tu, yaonyeshayo kila wimbo uko wapi. Kwa hiyo usihamishe folda ovyo, maana orodha itapotea njia. Tatu, usiifute programu ya zamani mapema. Mara nyingi itaendelea kupiga, ila kasoro zake za usalama hazitatengenezwa tena.

Sasa, unapochagua mpya, iulize maswali manne:

1. Je, yapiga faili nilizo nazo? MP3 hupigwa karibu na zote. FLAC na WMA si kila mahali.

2. Je, yaziacha folda zangu kama nilivyozipanga?

3. Je, yasoma M3U?

4. Je, nikitaka kuondoka nitaweza? Ukisahihisha jina la mwimbaji, sahihisho laandikwa ndani ya faili yenyewe, au katika daftari la programu peke yake? Likiwa katika daftari hilo, siku ya kuhama utalipoteza.

Swali la nne ndilo kubwa, wala watu hawaliulizi. Wao hutazama sura tu.

Yafaa pia kutazama kama msimbo wa programu uko wazi, kama ule wa VLC. Amarok ilipobadilishwa sura, walioipenda ile ya zamani walichukua msimbo wake wakatengeneza Clementine. Na kutoka Clementine ikazaliwa Strawberry. Programu ya namna hii, wenyewe wakichoka, wengine waweza kuipokea. Lakini ichukue kwa watengenezaji wenyewe, si mahali usipopajua.

Kazi ya nyumbani: tafuta wimbo mmoja uupendao bila kufungua programu ya muziki. Ukiiona faili yake katika folda, wimbo huo ni wako. Usipoiona, anza kazi leo, kabla mlango haujafungwa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.