SAMAKI HAJUI MPAKA
(Mazungumzo kwa wanakamati wa Haki na Amani)



Leo twawaalika mtazame bandari ya mbali, ile ya mji wa Sydney huko Australia, ili tujifunze jambo moja juu ya haki.

Katika karne ya 20, viwanda vya kemikali na vya dawa za kuulia magugu, vilivyojengwa kando ya ghuba ya Homebush upande wa magharibi wa bandari hiyo, viliacha sumu iitwayo dayoksini. Sumu hiyo haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Hushikamana na tope, huingia katika minyoo, kisha katika mafuta ya samaki, na mwisho katika mwili wa mlaji. Mwanzoni mwa mwaka 2006 serikali ya jimbo la New South Wales ilipiga marufuku uvuvi wa biashara katika bandari nzima. Wavuvi wa ndoana waliachiwa ruhusa pamoja na ushauri: samaki aliyevuliwa magharibi ya daraja kuu asiliwe kabisa; wa mashariki, kwa jumla, asizidi gramu 150 kwa mwezi.

Lakini je, samaki analijua daraja? Wataalamu wametafuta jibu kwa subira. Humlaza samaki kwa dawa, humpasua kidogo tumboni, humtia kifaa mfano wa kidonge, humshona na kumrudisha majini. Kila kifaa hutoa mlio wenye namba yake, usiosikika kwa sikio letu. Vipokezi vilivyotiwa nanga majini huunasa mlio huo kila samaki apitapo karibu, vikaandika siku na saa. Ndivyo safari zake zinavyojulikana. Bream, samaki apendwaye na wavuvi wa huko, hulelewa katika maji ya ndani, na majira ya baridi huelekea mlango wa bahari kutaga mayai. Aliyejilisha katika tope la magharibi aweza kunaswa mashariki.

Mpaka ule una manufaa, kwa kuwa sumu huzidi karibu na chimbuko lake; lakini peke yake hautoshi. Mwenye fedha hununua sokoni samaki wa bahari kuu. Maskini, na mgeni asiyejua lugha ya kibao cha onyo, humla aliyemvua. Hivyo mzigo wa kujihadhari umetwikwa yule asiyeimwaga sumu, wala hawezi kuiona au kuionja.

Baadaye sehemu ya tope la Homebush ilichimbuliwa na kusafishwa kwa gharama kubwa. Kinga ingalikuwa nafuu. Nasi watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam tunavua na kula penye bandari; tusingoje kufundishwa na maradhi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Maji machafu ya mtaa wetu na ya viwanda vilivyo jirani huishia wapi?
2. Nani kati yetu hula samaki wa maji hayo, na nani amemwonya?
3. Tufanye nini ili mwenye kuchafua ndiye alipe?