Mbele ya Mstari: Watoto wa Shule Wanavyopima Majivuno ya Wenzao



Naomba niwape kisa cha kubuni, cha aina ile ambayo watafiti huwasomea watoto ili kusikia hukumu zao. Ni siku ya kufunga shule, katika shule ya msingi ya kijiji fulani kati ya Kasulu na Kibondo. Mwalimu mkuu anasoma matokeo mstarini. Msichana wa darasa la tano ameshika namba moja. Anatoka mbele, ananyoosha mikono juu, anacheka. Watoto wanaulizwa maswali mawili: anajisikiaje? Na je, amefanya vizuri au vibaya?

Swali la kwanza haliwasumbui. Jessica Tracy na wenzake walionyesha mwaka 2005, kwa watoto wa Marekani, kwamba mtoto wa miaka minne tayari humtambua mtu anayejivunia akimwona tu: kifua mbele, kichwa kimeinuka, mikono juu au kiunoni. Picha za namna hiyo zilipopelekwa Burkina Faso, kwa wanavijiji wasiojua kusoma, nao walizitambua. Na kwenye mashindano ya judo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, hata wachezaji waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kumwona mshindi yeyote, waliinua mikono na kutoa kifua waliposhinda. Anayemlaumu msichana wetu kuwa ameiga televisheni anamwonea.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Kwa watoto wadogo, ushindi ni ushindi. Tafiti za Sandra Graham huko Marekani, katika miaka ya 1980, ziliwakuta watoto wa miaka mitano au sita wakisema mshindi lazima ajivunie, hata kama alichokifanya kilikuwa rahisi. Wakikaribia miaka tisa au kumi wanaanza kudadisi: alijitahidi, au alibahatisha? Kisha huja swali jingine, ambalo jibu lake hutegemea mahali mtoto alipolelewa. Mwaka 1997 Kang Lee na wenzake waliwauliza watoto wa China na wa Kanada, wenye miaka 7, 9 na 11, kuhusu mtoto aliyetenda wema, kisha mwalimu alipouliza nani aliyefanya, akakana. Wakanada walisema huo ni uongo, na uongo ni mbaya. Wachina, hasa wakubwa, walielekea kuuona kuwa adabu.

Watoto wa huku Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, wangesimama upande gani? Mimi nadhani hawasimami upande wowote kati ya hizo mbili, na sababu iko katika salamu. Mtoto wa Kiha hujifunza mapema kuinama mbele ya mkubwa, kupiga makofi taratibu na kusubiri kuulizwa habari za nyumbani moja baada ya nyingine. Mwili wa adabu unashuka, mwili wa ushindi unapanda. Kwa hiyo mtoto wa huku haulizi tu kama mwenzake ana haki ya kufurahi. Anauliza alijiinua mbele ya nani. Wazee wenyewe walipimana hivyo hivyo. Tangu mwaka 1944 SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, iliwachukua vijana wa Kigoma, na waliporudi na vitu vyao vipya, sidhani kama walichukiwa kwa kuwa na baiskeli. Kilichotazamwa ni kama mwenye baiskeli anashuka kusalimia.

Nendeni uwanja wa chandimu jioni mkahakikishe. Yule yule anayeitwa “mjuaji” darasani kwa kunyoosha kidole mara tatu, akifunga goli atavua shati na kuzunguka uwanja mzima, na wenzake watamkimbilia. Hawajasahau adabu. Goli lake ni la timu nzima, na aliyefungwa naye ana timu ya kumfariji. Namba moja ya darasani ni ya mtu mmoja, tena imesomwa mbele ya aliyeshika namba ya mwisho, ambaye hana pa kujificha. Watoto wanaona tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tuliopanga mstari.

Hukumu zao zina kasoro pia, na sitawatetea. Msichana huambiwa ana kimbelembele kwa jambo ambalo mvulana angesifiwa kwalo. Na mgeni hupimwa kwa mizani nzito zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kuwapokea Wakongo; Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Kwa miaka mingi watoto wa kambini wamesoma mitaala ya nchi zao, ambamo Kifaransa kina nafasi kubwa. Mtoto wa Kikongo akitamka sentensi ya Kifaransa mbele ya mtoto wa Makere, jirani na kambi, huenda anajikumbusha tu somo la asubuhi; anayemsikia anasema anaringa. Ujuzi ambao huuelewi ni rahisi kuuita maringo, na wakubwa nao hufanya hivyo kila siku.

Sasa niwageukie walimu. Tunamwita mtoto mbele, tunawaamuru wenzake wampigie makofi, halafu akitabasamu sana tunamwambia asijidai. Tumempandisha jukwaani wenyewe, kisha tunamlaumu kwa kuonekana. Matokeo yake ni wale watoto hodari wanaojifunza kunyamaza, wanaojua jibu na kuinamia daftari, na tunaandika kwenye ripoti kwamba wana aibu. Wengi wao hawana aibu hata kidogo. Wanajilinda na wenzao.

Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule bora na watahiniwa bora, kwa hoja kwamba hawakusoma katika mazingira sawa. Wapo waliolalamika, hasa wenye shule zilizozoea kutajwa. Mimi naliunga mkono, na hoja ile ile inafaa darasa la tano la Kibondo, ambako mmoja anasoma kwa taa ya sola na mwingine anarudi shambani kupalilia mihogo hadi giza.

Mpeni mzazi namba ya mwanawe mkononi, ndani ya ripoti. Mstarini mwiteni mtoto aeleze alivyojifunza kugawanya sehemu, na mwiteni pia aliyetoka namba ya arobaini akafika ya ishirini. Na yeyote kati yao akinyoosha mikono juu, mwacheni anyooshe.